Ijumaa, Alhamisi, Jumatano

Jumatano, 3 Julai 2024. Morogoro

Kaka alipiga saa moja kasoro robo asubuhi. Mama ameanguka uani alfajiri akienda kuchukua udhu. Ile sementi ya pale bombani imeota ukijani tangu masika na nilishasema isuguliwe. "Mguu mmoja umekuwa mfupi," kaka akasema, "na unyayo umelalia nje." Sikuhitaji picha. Kwa mwanamke wa miaka 76, mguu uliofupika na kulalia nje ni nyonga, shingo ya fupa la paja. Matroni kanipa siku 14. Basi mpaka Segera, huko nitaunga.

Alhamisi, 4 Julai. Tanga

Nimemkuta kalala chali, mguu umefungiwa uzito, uso umemnywea, lakini akili iko palepale. Shikamoo. Marahaba mwanangu, umekula? Kisha moja kwa moja habari za kikoba. Yeye ndiye mweka hazina: wanawake 22, sanduku la kufuli tatu. Daftari liko kwa katibu, hesabu ziko kichwani mwake. Muuza samaki kabakiza 30,000. Yule wa vitenge rejesho lake Jumapili, 45,000 na faini 1,000 ya kuchelewa kikao. Mama wa mahamri amekopa mara tatu ya hisa zake, asiongezewe hata akilia.

Nikamwambia apumzike. Nilipaswa kuchukua kalamu. Mgonjwa mzee anatakiwa apimwe akili kabla ya kisu ili baadaye ujue amepoteza nini. Mama alikuwa ananipa kipimo hicho bure, nami namnyamazisha.

Ijumaa, 5 Julai

Chuma cha nyonga hakipo stoo, ndugu tununue. Uingereza wamejiwekea saa 36 tangu mgonjwa wa mfupa huu anapofika hadi anapoingia thieta. Sisi tunaelekea saa ya 60.

Kaka kanivuta pembeni, karibu na mabomba ya kunawia. "Wewe ndiye mtu wa usingizi. Waambie wasimpige nusu kaputi. Nusu kaputi inakula akili za wazee." Akatoa mfano wa mzee wa mtaani aliyepasuliwa tezi dume: alikwenda anacheza bao, akarudi anauliza mkewe yuko wapi na mkewe kakaa pembeni yake.

Na mimi niliamini hivyo miaka yote. Tulifundishana hivyo kwa mdomo, chumba cha chai kwa chumba cha chai: mzee mpe ganzi ya mgongo, utamwokoa ubongo. Mpaka yalipochapishwa majaribio ya Marekani na Kanada, 2021. Wagonjwa 1,600 wa nyonga waligawanywa kwa kura, hawa sindano ya mgongo, wale nusu kaputi. Waliochanganyikiwa baadaye walikuwa takriban mmoja kati ya watano, huku na huku. Wachina nao wakapima wagonjwa 950 kwa namna yao, tofauti haikuonekana.

Nikamwambia kaka kwamba Mama atapigwa ganzi ya mgongo, kwa sababu ya mapafu yake na si kwa sababu ya akili. Alisikia "ganzi ya mgongo" akashusha pumzi. Hayo mengine hakuyasikia. Nikamwacha na raha yake.

Jumamosi, 6 Julai

Kaandikiwa asile asinywe tangu saa sita usiku. Asubuhi thieta ikachukuliwa na mzazi aliyekwama, kisha mzazi mwingine, kisha ajali ya bodaboda. Saa kumi jioni wakasema mpaka Jumatatu. Saa 16 bila tone. Midomo imekauka hadi maneno yananata.

Miongozo inaruhusu maji matupu na chai ya rangi mpaka zibaki saa mbili mtu alazwe. Naijua, nimeifanyia mtihani nikafaulu. Na bado kwa mkono wangu nimewaandikia wazee wangapi "asile asinywe kuanzia saa sita", kwa sababu ni mstari mmoja, unatosha wodi nzima, na hakuna anayekulaumu kwa kiu ya mtu mwingine. Ubongo wa mzee uliokaukiwa maji unaingia thieta tayari umejikwaa.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Chuma kimepatikana. Tumechanga watoto wote, na kikoba kimetoa kwenye mfuko wa jamii.

Jumatatu, 8 Julai

Mpaji usingizi ni kijana aliyesoma miaka mingi nyuma yangu, ananiita dada. Kaniruhusu nikae kichwani pa Mama. Mgongo wake una pingili zilizosongamana, lakini kijana ana mkono: jaribio la pili, maji ya uti wa mgongo yakatoka safi, tone baada ya tone, akasukuma dawa. Tangu August Bier alipoanza mchezo huu Ujerumani mwaka 1898, hatujabadilisha mengi zaidi ya dawa na unene wa sindano.

Mama akauliza, "Mmeshaanza?" Walishaanza. Kisha ikaja nyundo. Mtu hajui thieta ya mifupa ni karakana mpaka asikie nyundo. Kijana akaniinamia: "Dada, nimpe midazolamu kidogo asisikie?"

Kwa wazee tunaambiwa tuziepuke dawa za ukoo huo, zinavuruga. Najua. Nikaitikia kwa kichwa. Sikutaka asikie fupa lake likigongwa. Au sikutaka mimi nione anasikia.

Presha ilishuka mara moja wakaipandisha. Dakika 80. Chumba cha kuzindukia alifumbua macho akaniuliza kama nimekula. Miaka 19, hapo ndipo ninapoandika "ameamka vizuri", naweka saini, naenda kunywa chai.

Jumanne, 9 Julai

Kanywa uji kikombe kizima. Anawatania manesi. Nimetuma ujumbe kwa ndugu wote: Mama yuko salama.

Jumatano, 10 Julai, saa kumi usiku

Naandika kwa mwanga wa simu. Saa nane aliamka akaanza kuchuna shuka kama anayetoa miba. Kisha kwa mnong'ono: "Nani kawaingiza mbuzi?" Nikasema hakuna mbuzi, Mama. Akaniwekea kidole mdomoni ili wasitusikie. Wako chini ya kitanda, watatu, mmoja ana uso wa mtu. Akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa kabla sijaolewa, akanituma nikafunge mlango wa nyumba ya Pangani. Nyumba ile ilishabomolewa.

Nilipotaka kumlaza alinisukuma kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi. Alichomoa dripu, damu shuka nzima, kisha akaugeukia mpira wa mkojo. Nesi ni mmoja, vitanda thelathini na kitu. Alikuja na diazepamu kwenye bomba la sindano, uso wake umechoka, hakuuliza. Nikamshikia mkono wa Mama achomwe.

Mara mbili ndani ya siku mbili, dawa ya ukoo uleule, na mara zote mbili nimekubali mimi.

Jioni, siku hiyohiyo

Kalala kutwa kama gogo, kinywa wazi. Shangazi kaja na kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji ya waridi. Kaka anasema kwa sauti ya chini kuwa pale bombani alfajiri ni mahali pa majini, Mama kakanyaga pasipokanyagwa. Wifi ananitazama anataka niwabishie.

Sikubisha. Mama kanywa kombe bakuli zima, kijiko kwa kijiko, ndiyo maji mengi aliyokunywa tangu Jumamosi. Nikamwomba shangazi alete jingine kesho.

Alhamisi, 11 Julai

Asubuhi saa tatu, madaktari wanapopita, Mama alikuwa amekaa, anajibu shikamoo, anajua yuko Tanga. Wakaandika "yuko vizuri" wakaenda. Saa kumi na moja jioni mbuzi wakarudi. Ndiyo tabia ya kitu hiki na ndiyo maana kinatupita. Vitabuni ni diliriamu. Kinaingia ghafla, kinapanda na kushuka ndani ya siku moja, na kikubwa kinachokosekana ni uwezo wa kushika jambo moja na kubaki nalo. Kumbukumbu inaweza kuwepo kabisa. Mwenye ugonjwa wa kusahau wa uzeeni huwa hivyo leo na kesho, polepole, miaka. Huyu alikuwa mzima Jumanne.

Nimefanya mzunguko wangu mwenyewe kama ningefanya kwa mama wa mtu mwingine. Oksijeni ya kidoleni 91, akawekewa. Damu 8, wataongeza chupa moja. Choo hajapata tangu wiki iliyopita. Maumivu: parasetamoli anapewa akilia, na huyu ni mwanamke wa kizamani, hakulia hata alipotuzaa. Sasa anapewa kwa saa, alie asilie. Mpira wa mkojo ulitakiwa utoke juzi, umetoka. Kulikuwa na Piriton ya usiku "ili alale". Imefutwa, diazepamu imefutwa. Daktari mdogo wa wodi hakubisha. "Sista, orodhesha, mimi nitasaini."

Kisha nikasoma faili. Nesi wa usiku kaandika: mgonjwa anaongea maneno yasiyoeleweka. Nikamtazama Mama mdomoni. Meno hayamo.

Meno yake ya bandia, safu nzima ya juu, yalivuliwa Jumatatu kwa amri ya watu wa kazi yangu. Yakafungwa kwenye tishu, tishu ikaingia mkobani kwa wifi, mkoba ukarudi nyumbani. Miwani nayo wifi aliifungia kabatini tangu siku ya kwanza, isije ikavunjika, ni ya bei. Kwa hiyo kwa siku tatu kuna mwanamke asiyeona sura ya anayemchoma sindano, asiyeweza kutamka s wala f, taa inawaka usiku kucha juu ya kichwa chake, na kila akitazama ukutani ni saa nne na dakika kumi. Saa ya wodi imesimama. Halafu tunaandika kwamba yeye ndiye haeleweki.

Kaka alikwenda na bodaboda mpaka Barabara ya 12. Alasiri meno yakafika ndani ya kopo la Blue Band, miwani ndani ya soksi. Mama akavaa vyote viwili, akamtazama nesi kwa muda mrefu. "Kumbe wewe ni mtoto mdogo hivi!" Nesi akacheka, akamshika mkono. Nadhani ndiyo mara ya kwanza walionana.

Betri ya saa nimenunua kioski cha getini, 1,000. Nesi anasema saa hiyo alihamia akaikuta imesimama.

Ijumaa, 12 Julai

Kuna bibi kitanda cha mkabala, kakatwa mguu kwa sababu ya sukari. Wanamsifu: huyu hana fujo, mgonjwa mzuri. Analala kaelekea ukuta. Chakula kinakuja kinapoa kinaondoka. Leo mwanawe alipotoka tu nilikwenda nikamuuliza, bibi, huyu aliyeondoka ni nani wako? Alinitazama mdomo kama mtu anayesikiliza redio ya nyumba ya tatu. Niliuliza tena. Akafumba macho.

Huyu kapotea mbali kuliko Mama, ila kapotea kimya. Wazee wengi ndivyo wanavyopotea, na kwa sababu hawachomoi dripu hakuna anayewaita jina. Nilimwambia nesi, akapimwa: homa 38.9, kidonda kina usaha chini ya bandeji.

Mama nilimwambia ataje siku kurudi nyuma. Kuna kipimo cha miezi, Disemba kurudi Januari, lakini Mama hakuishi kwa Disemba na Januari, aliishi kwa mfungo mosi na mfungo pili, na kwa siku za gulio. Nikaanza mimi: Ijumaa, Alhamisi...

"Jumatano," akasema. "Jumanne." Akanyamaza. "Jumanne samaki wa Deep Sea huwa rahisi."

Basi, tukaishia sokoni. Jana asingefika hata Jumatano.

Jumamosi, 13 Julai

Kitanda cha mkabala kina mtu mwingine. Nesi wa leo hakuwepo jana, hajui bibi kahamishiwa wapi.

Jumapili, 14 Julai

Usiku wa pili mfululizo amelala. Niliomba taa ya upande wetu izimwe saa nne na dawa ya saa nane usiku isogezwe hadi alfajiri. Zamu ya usiku walinitazama kama niliyeomba hoteli, kisha wakajaribu, na wodi nzima ikalala. Leo kasimama kwa fremu ya kutembelea, hatua sita, akaketi dirishani kwenye mwanga. Mbuzi hawajaja.

Haya si maarifa yangu. Sharon Inouye na wenzake, kule New Haven, walichapisha 1999 habari za wazee 852 wa wodi za kawaida, ambazo hata si za upasuaji. Walichofanya ni kumkumbusha mtu siku na mahali alipo, kumwachia usingizi, kumtembeza, kumpa miwani na vya kumsaidia kusikia, kumnywesha maji. Waliochanganyikiwa walishuka kutoka 15 hadi karibu 10 katika kila 100. Miaka miwili baadaye Marcantonio akawashika hawahawa wetu wa nyonga, 126, nusu yao wakiangaliwa tangu mwanzo na daktari wa wazee: 50 kwa 100 ikawa 32. Hakuna dawa mpya humo. Kuna maji, meno, mwanga na mtu anayekujua jina.

Nilisoma karatasi zile miaka iliyopita. Nilizisoma kama mambo ya manesi wa wodi.

Jumatatu, 15 Julai

Ameruhusiwa. Kaka kaisugua ile sementi mpaka imekuwa nyeupe. Mama kaitazama, kasema ingesuguliwa kabla.

Jumanne, 16 Julai

Wanawake wa kikoba wamekuja, kanga mpya zote, sinia la mahamri. Mama kaketi kitini, kapakwa hina, anacheka panapostahili. Mtu asiyemjua angesema kapona kabisa. Kisha muuza samaki, kwa nia njema tu, akasema, "Mweka hazina, nimekuletea lile salio." Mama akauliza, "Salio la nini?"

Chumba kikanyamaza. Muuza samaki akasema 30,000, bibi. Mama akasema aa, ndiyo, lakini aliposema ndiyo alikuwa ananitazama mimi. Alipofika kwa yule wa vitenge alitaja 54,000. Si mbuzi hawa. Mbuzi ningewajua.

Jumatano, 17 Julai. Ndani ya basi

Hawa wa sasa hawana kelele. Bedford, daktari wa Kiingereza, aliwaandika mwaka 1955 katika The Lancet: wazee waliopasuliwa, wakapona kidonda, ndugu wakaanza kusema hajawa yule tena. Alishauri mzee asipasuliwe ila kwa lazima kabisa. Kwa nyonga ushauri huo haunisaidii; asiyepasuliwa analala mpaka anakufa.

Mwaka 1998 watafiti wakaja na hesabu. Wagonjwa 1,218, miaka 60 na kuendelea, wakapimwa kabla na baada ya upasuaji mkubwa. Baada ya wiki moja karibu 26 kwa 100 walikuwa wameshuka. Baada ya miezi mitatu karibu 10. Wazee wa rika lao ambao hawakupasuliwa, karibu 3, mara zote mbili. Walitegemea kuwakamata oksijeni ndogo na presha ndogo, maana hao ndio washukiwa wetu wa siku zote; hawakuwakamata. Walioonekana ni umri, muda wa usingizi, maambukizi baadaye, kupasuliwa tena, na elimu ndogo. Hiyo ya elimu sijawahi kuikubali moja kwa moja. Ukimpima kwa karatasi na penseli mtu aliyezoea kuhesabu kichwani, umepima shule.

Siku hizi mkosaji anayetajwa sana ni mwako wa mwili. Kisu kikikata fupa mwili mzima unapiga mbiu, mbiu inafika mpaka kwenye ubongo, na ubongo wa mzee ukishashtuka unachelewa kutulia. Dawa zangu za usingizi ni mshtakiwa aliyekutwa eneo la tukio. Huenda alishiriki. Huenda alikuwa anapita.

Tangu 2018 wataalamu wamekubaliana kwamba ndani ya siku 30 haya yasiitwe ugonjwa, yaitwe kuchelewa kurejea. Leo ni siku ya tisa. Zinabaki 21. Chalinze, wauza mihogo dirishani.

Jumatatu, 5 Agosti. Morogoro

Siku ya 28. Wifi anasema Mama kapika mwenyewe, ila chumvi mara mbili.

Leo nimefanya jambo ambalo sijawahi. Nimepanda wodini kumtazama mzee niliyemlaza Ijumaa, henia iliyobana. Daftari langu linasema "ameamka vizuri", saini yangu. Nimemkuta kafungwa mkono mmoja kwenye chuma cha kitanda kwa bandeji. Mkewe kakaa chini sakafuni. "Tangu Jumamosi usiku anadai hapa ni garini," akasema, "anataka kushuka."

Nikauliza miwani. Iko mfukoni mwa koti, koti liko nyumbani Mvomero.

Ni wangapi? Miaka 19, kila siku ya tatu ya kila mmoja wao, mimi niko ghorofa ya chini na kikombe cha chai.

Alhamisi, 22 Agosti

Mwenzangu ananiita daktari wa miwani. Sijali. Nimeanza kuandika kwenye fomu: miwani na meno vikae na mgonjwa mpaka mlango wa thieta, virudi naye chumba cha kuzindukia. Maji mpaka zibaki saa mbili. Mzee hapewi diazepamu kabla ya kulazwa. Mkuu wa wodi amekubali vyote isipokuwa ndugu mmoja kulala na mgonjwa. Anasema wodi itakuwa stendi. Sina jibu zuri. Ni kweli itakuwa stendi.

Mwingine kaniuliza mbona tusiagize ile mashine ya kusoma mawimbi ya ubongo ili tusiwalaze wazee kwa kina mno. Ni mashine nzuri, ningeipenda. Lakini waliijaribu Marekani kwa wagonjwa 1,232, wakachapisha 2019: waliochanganyikiwa walikuwa 26 kwa 100 wenye mashine, 23 wasio nayo. Ketamini kidogo, hii yetu ya kila hospitali ya wilaya, nayo waliijaribu kama kinga, matokeo ya 2017: haikukinga, ikaongeza ndoto mbaya. Nikamwambia tuanze na saa za ukutani, ziko tatu zimesimama jengo hili.

Jumatano, 11 Septemba

Kila jioni nampigia Mama, naingiza swali kati ya salamu. Leo bei ya unga, jana nani kazaa. Leo kanikatiza: "Unanipima?" Nikasema hapana. "Unanipima. Usinipime kama mkaguzi wa mizani. Nikisahau nitakwambia." Nikamwomba radhi. Halafu akasema anasahau majina asubuhi, si jioni, na kwamba anapochoka maneno yanakwenda kukaa mbali, anayaona lakini hafiki.

Hakuna fomu niliyowahi kuiona yenye maelezo mazuri kama hayo.

Jumapili, 13 Oktoba. Tanga

Siku tatu mkononi, kesho ni siku ya Nyerere. Miezi mitatu na siku tano.

Anatembea kwa fimbo moja. Miwani kaifunga kamba nyeusi shingoni. Kikoba kimekaa uani, chini ya mwarobaini, sanduku katikati, wenye funguo watatu. Nilikaa nyuma, nikijifanya nachambua mchicha.

Mama katoa daftari dogo la jalada la buluu. Si la katibu, lake. Hajawahi kuwa na daftari. Akawa anasoma kwa kidole, taratibu kuliko zamani, mstari kwa mstari. Kwa yule wa vitenge aliruka, wakamrudisha, akarudi bila kuona haya. Ikafika zamu ya mama wa mahamri. Huyu akasimama na sauti ya asali: yeye alishamaliza deni, alimkabidhi bibi mkononi, wiki ile alipotoka hospitali, bibi alikuwa hajambo-hajambo hivi, pengine kasahau. Wengine wakatazama chini. Nilishika mchicha.

Mama akafungua nyuma kurasa nne. "Wiki ile nilitoka Jumatatu. Jumanne mlikuja na sinia la mahamri, nimeandika hapa, mahamri 40. Pesa sikuandika." Akafunga daftari. "Zamani ningekwambia kwa kichwa ungebisha. Kaa chini."

Wakacheka mpaka sanduku likasahaulika wazi.

Usiku nilikuwa namkanda mguu kwa mafuta ya nazi. Hakuwa kama zamani, naandika kwa sababu hapa siandikii mtu: anauliza jambo mara mbili, na katikati ya hadithi ya Pangani aliishiwa jina la mumewe wa kwanza, akapiga vidole, likaja baada ya dakika. Aliona nimeliona.

"Haya, mpimaji," akasema. "Umekaa pale mchana kutwa na masikio yako. Wanawake 22. Muuza samaki kabakiza ngapi?"

Sikujua. Nikasema elfu kumi.

"Yule wa vitenge?"

Nikasema Mama, mimi nilikuwa nachambua mchicha. Akacheka, akavua meno akayatia kwenye kopo lake la Blue Band, kopo akaliweka karibu na mto, akaniambia nizime taa.